Kesi ya Mtumbwi wa Manjano

Kuna nchi moja, haiko mbali wala haiko karibu, ambayo serikali yake ni nzuri kuliko zote. Si mimi ninayesema hivyo. Wananchi wake wenyewe husema hivyo kila wanapoulizwa, na huulizwa mara kwa mara. Nchi hiyo ina ziwa kubwa. Ziwani mna samaki, na samaki hao, kama raia wengine wote, wako chini ya Mtukufu Mlezi wa Nchi Kavu na Maji Yake. Kusimamia mambo yao ipo wizara kamili, Wizara ya Samaki na Viumbe Wanaofanana Nao. Waziri wake siku hizo alikuwa Mheshimiwa Daktari Kagoro, aliyepelekwa ng'ambo kusomea nyuki akarudi na shahada ya samaki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kila mwaka nchi hiyo husherehekea Sikukuu ya Samaki. Mtukufu huingia ziwani ndani ya mtumbwi wa dola, uliopakwa zambarau kuanzia tumboni mpaka ukingoni, hutupa wavu kwa mkono wake mwenyewe, na taifa hupata kitoweo cha heshima. Miaka yote sherehe hiyo ilikuwa imekwenda vizuri sana, kwa kuwa hakukuwa na televisheni. Mwaka ninaousimulia televisheni ilikuwapo, na Mtukufu mwenyewe aliagiza mambo yaonyeshwe papo hapo, ili wananchi wasicheleweshewe furaha yao.

Mtukufu akatupa wavu. Akauvuta. Ukaja na maji, na maji nayo yakarudi yalikotoka. Mtangazaji, mtu mwenye uzoefu mkubwa na familia kubwa, akalitangazia taifa kwamba Mtukufu amekagua usafi wa maji na ameridhika. Mtukufu akatupa tena, akaridhika tena. Ufukweni bendi ya polisi ikaurudia wimbo wa ushindi mpaka mpiga tarumbeta akaanza kuyumba. Basi mpiga picha, ambaye alikuwa ameambiwa aonyeshe samaki, akafanya ambalo mtu yeyote mtiifu angelifanya: akageuza kamera kutafuta samaki walipo.

Walikuwa kwa Mafuru.

Mafuru alikuwa mvuvi wa pwani ya Rubanzi, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Habari za sikukuu hakuzisikia, maana redio ya nyumbani alikuwa amempa binti yake Bwire siku alipoolewa. Asubuhi hiyo aliingia ziwani kama siku nyingine kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitoweo. Mtumbwi wake ulikuwa wa manjano, manjano ya ndizi iliyoiva, na ulionekana kutoka mbali kuliko kitu chochote kilichokuwa juu ya maji siku hiyo, Mtukufu akiwemo. Taifa zima likamwona akivuta wavu uliojaa sato mpaka mtumbwi ukalala ubavu. Majumbani kuna watu walipiga makofi. Baadaye waliitwa mmoja mmoja kueleza walikuwa wakimpigia nani.

Boti ya jeshi ikamfuata, ikamchukua Mafuru, ikauchukua mtumbwi, ikawachukua na sato. Sato hawakuonekana tena.

*

Baraza la mawaziri lilikutana jioni ileile. Swali lilikuwa moja: kwa nini samaki walimkwepa Mtukufu wakamwendea mtu asiye na cheo? Palikuwa na majibu mepesi, lakini hayakuwa ya kusemeka. Kusema Mtukufu hajui kuvua hakungewezekana, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa amejitunuku nishani ya uvuvi. Kusema mahali pale hapakuwa na samaki kungewaudhi wakuu wa usalama, waliopachagua mahali hapo baada ya kuwahoji wenyeji. Mawaziri wakatazama meza.

Hapo Daktari Kagoro akasimama. Aliwaeleza wenzake kwamba samaki anaishi chini, na akiinua macho haoni kofia ya Mtukufu wala nishani zake. Anachoona ni tumbo la mtumbwi. Tumbo hilo likiwa na rangi ya kuchochea, kama manjano, samaki mwenye elimu ndogo hupotoka. Kwa hiyo samaki hawakumkataa Mtukufu. Walirubuniwa.

Chumba kizima kikapumua. Waziri mmoja, mgeni katika baraza, akauliza kama kuna hakika kuwa samaki huona rangi. Usiku haukuingia kabla hajateuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo mpaka leo haijapatikana kwenye ramani.

Kesho yake ikatoka amri kwamba mitumbwi yote ya ziwa hilo ipakwe zambarau. Daktari Kagoro aliisoma amri hiyo redioni kwa sauti ya upole. Alisema wapo watu wabaya watakaodai kuwa serikali inawabana samaki, na akawahakikishia wote kwamba kuanzia sasa samaki watakuwa huru kabisa kuchagua mtumbwi wanaoutaka, ilimradi uwe wa zambarau.

Wavuvi wakapaka. Samaki wakaendelea kama zamani, siku nyingine wakija na siku nyingine wasije, na wizara ikatangaza kuwa wameongezeka. Kilichobadilika ni ufukweni. Mitumbwi ilipofanana yote, watu wakaanza kurudi na mitumbwi isiyo yao. Mwingine alifika nyumbani na nyavu za jirani, jirani naye akafika nyumbani kwa huyo mwingine, akakaribishwa chakula, akala, na mambo yakahitaji wazee kuyatuliza. Wizara ilipoulizwa ikajibu kwamba huo ndio umoja wa kitaifa.

*

Mkewe Mafuru aliitwa Nyanjura. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo likiwa bado la moto. Alipofika gereza la Nyarutanga, ambako mumewe alikuwa akisubiri kesi, hakulia wala hakupoteza muda. Alimweleza kupitia dirisha dogo la wageni kwamba wakili wa serikali alimfuata nyumbani, akakalia kigoda chake, akanywa uji wake, akasema mambo yanaweza kwisha. Mafuru akikiri mahakamani kuwa ni rangi iliyowavuta samaki, ataachiliwa, mtumbwi utapakwa zambarau, na Mtukufu atakuwa amesafishwa.

"Sema ni rangi, Baba Bwire," alimwambia. "Neno moja tu, turudi nyumbani."

Mafuru alichezea ukingo wa dirisha kwa kidole. Alikuwa amekonda, na mashati ya gereza yalikuwa yameshonwa kwa ajili ya watu wafupi.

"Nikisema ni rangi," alijibu mwishowe, "swali litakalofuata ni nani aliyeichagua."

Aliyeichagua ni Nyanjura mwenyewe. Zamani mtumbwi ule haukuwa na rangi yoyote. Ulikuwa mbao tupu kama mingine ya Rubanzi. Kisha kuna asubuhi moja ukungu ulikaa juu ya maji, Mafuru akachelewa, na Nyanjura akasimama ufukweni akiuona kila mtumbwi unaokuja akidhani ni wake, na kila ukifika si wake. Mumewe alirudi salama, hakuelewa kwa nini mkewe alikuwa amemkasirikia. Ukungu ulipoondoka Nyanjura alikwenda dukani akaulizia rangi inayoonekana kuliko zote, akaipaka kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akisimama kwenye mlango wa jiko anauona mtumbwi ungali mbali, anajua ni wakati wa kubandika maji ya ugali. Katika jambo hilo samaki hawakufikiriwa hata kidogo.

"Hukuniambia kuwa ndiyo hofu yako," Nyanjura alisema.

"Hukuuliza."

Askari akatangaza kuwa muda umekwisha. Nyanjura alitembea mpaka nyumbani akiwa na hasira, na hakujua hasira hiyo ampe nani, maana mtu aliyestahili kupewa alikuwa ndani kwa ajili yake.

*

Kesi ilisikilizwa mbele ya watu wengi. Mashtaka yalikuwa ni kuwashawishi samaki wa taifa kwa njia ya rangi. Daktari Kagoro alikuja kama mtaalamu wa serikali, akaomba ruhusa ya kumleta shahidi. Jaji akaruhusu. Likaingizwa karai la maji, na ndani yake kambale mkubwa mwenye sura ya mtu aliyeamshwa mapema.

Shahidi hakuapishwa, kwa kuwa hakukuwa na makubaliano kuhusu dini yake. Daktari Kagoro akamwonyesha kitambaa cha zambarau. Kambale hakufanya lolote. Akamwonyesha cha manjano. Kambale hakufanya lolote. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele akatoa leso nyekundu kufuta jasho, na kambale akatikisa sharubu. Rangi nyekundu haikuwa imetajwa popote katika kesi, hivyo Jaji akaamuru sharubu zifutwe kwenye kumbukumbu. Wakili wa serikali akaomba shahidi atangazwe kuwa mkaidi. Mahakama ikaahirishwa kwa chakula cha mchana, na iliporudi, karai lilikuwa na maji tu. Shahidi alipatikana nyumbani kwa karani wa mahakama, katika hali ya mchuzi, asiweze tena kuhojiwa.

Ndipo Mafuru akasimamishwa kizimbani, na wakili akamuuliza jambo lililowaleta watu wote pale: samaki walimfuata kwa sababu ya rangi, au si kwa sababu ya rangi?

Naomba msomaji alitazame swali hilo vizuri, kwa maana lilikuwa limetengenezwa na watu waliosoma. Mafuru akisema ni rangi, anamtia mkewe hatiani. Akisema si rangi, basi samaki walimkataa Mtukufu kwa ajili ya Mtukufu mwenyewe, na kwa maneno kama hayo watu walikuwa wamepotea. Mafuru alitazama mikono yake. Alimtazama Nyanjura, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango.

"Sijui," alisema.

Minong'ono ikapita mahakamani. Karani, aliyekuwa ameshiba, akainua kalamu akauliza neno hilo liandikweje, kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hakuna mtu, wala shahidi, wala wakili, wala mtaalamu, aliyewahi kulitumia mahali pale. Wakili akamtaka mshtakiwa afafanue. Mafuru akasema hana ufafanuzi, hajui. Jaji akamwonya kwamba kutojua katika nchi yenye serikali inayojua kila kitu kunaweza kuwa dharau. Mafuru akasema anaomba radhi, lakini bado hajui.

Wakili akaanza kuomba adhabu kubwa kabisa. Hapo Nyanjura akasimama, akapita katikati ya watu mpaka mbele.

"Rangi niliichagua mimi," alisema. "Niliipaka mimi, ili nimwone akirudi. Kama kuna kosa ni langu. Mwacheni aende nyumbani."

Mafuru alifunika uso wake kwa viganja. Daktari Kagoro akapata furaha, akasema sasa mkosaji ameonekana. Lakini Jaji alikuwa mtu wa sheria, na sheria alikuwa nayo mezani. Akaifungua, akaisoma kimya, kisha akavua miwani. Alieleza kwamba Sheria ya Uvuvi inamtambua mvuvi kuwa ni mwanamume mwenye akili timamu na suruali. Mwanamke hakutajwa popote, si kwa kuruhusiwa wala kwa kukatazwa. Kwa hiyo mbele ya sheria hiyo mama huyu hayupo, na mtu asiyekuwapo hawezi kupaka mtumbwi. Akamwomba mtu asiyekuwapo arudi kukaa.

Kisha akatoa hukumu. Mume hajui, na asiyejua hawezi kula njama. Mke hayupo. Samaki ni marehemu. Mtukufu hashtakiki. Aliyebaki ni mmoja tu, na huyo alikamatwa akiwa na rangi mwilini. Jaji akaugeukia mtumbwi, uliokuwa umeletwa na kuegemezwa ukutani kama kielelezo, akauuliza kama una lolote la kusema kabla ya adhabu. Mahakama ikasubiri kwa heshima. Ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni kiburi, na mtumbwi ukahukumiwa kifungo cha maisha.

Watu wa Rubanzi walianza kushangilia, wakidhani mwenzao ameponea chupuchupu. Wakili akasimama tena, akakumbusha kwamba mtumbwi hauwezi kwenda gerezani kwa miguu yake, na ukifika huko hauwezi kujihudumia. Jaji akaona hoja hiyo ni ya kibinadamu. Akaamuru Mafuru arudi gerezani pamoja nao, si kama mfungwa, bali kama kiambatanisho.

*

Mkuu wa gereza la Nyarutanga alikuwa Afande Chirangi. Kama wafungwa wangeulizwa ni nani mtu mwema pale ndani wangemtaja yeye, isipokuwa kwamba wema wake wote alikuwa ameuweka ndani ya kanuni na hakuutoa nje. Mtumbwi haukupita langoni, kwa kuwa lango lilijengwa kwa kipimo cha binadamu. Ukapitishwa juu ya ukuta kwa kamba. Afande akaupokea, akaupima uzito, akauliza jina la baba yake, akaupa selo. Kanuni ilitaka alama za vidole. Wakapaka wino kwenye ubao wa mbele wakagandamiza karatasi.

Baada ya muda Mafuru alimwendea Afande akamwambia kuwa mtumbwi wa mbao ukikaa nchi kavu unakauka, unapasuka, na kufa. Afande akaogopa sana. Mfungwa wa maisha akifia mikononi mwake kabla maisha hayajaisha, ingekuwa ni kasoro. Akawatoa wafungwa na majembe, wakachimba bwawa katikati ya uwanja, wakachimba na mfereji wa kuleta maji kutoka ziwani. Mtumbwi ukashushwa humo. Ulitota, ukavimba, nyufa zikaziba, na Mafuru akaukalia akiteka maji kwa kopo, akajisikia kidogo kuwa mtu.

Mfereji ule haukuleta maji peke yake. Uliingia na vitoto vya samaki, wasio na hatia wala hati. Wafungwa walivitupia makombo ya ugali. Vikanenepa, vikazaa, watoto wao wakazaa. Hakuna aliyethubutu kuwavua, kwa sababu kanuni za gereza zilikuwa kimya juu ya uvuvi, na Afande Chirangi hakuwa mtu wa kuvunja ukimya wa kanuni. Bwawa likajaa samaki mpaka maji yakawa yanachezacheza yenyewe, hata siku isiyo na upepo.

Nyanjura alikuja kila siku ya wageni. Alileta viazi, alileta habari za Bwire, ambaye sasa alikuwa mjamzito. Jambo moja hakulisema: kwamba mlango wa jiko alikuwa ameufunga na anapikia nyuma ya nyumba, ambako ziwa halionekani.

*

Mtukufu, kwa upande wake, hakuwa na raha. Tangu ile Sikukuu ya Samaki hakuwa amevua chochote. Wasaidizi wake walijitahidi. Walimtengenezea bwawa Ikulu wakaweka samaki ndani, lakini Mtukufu alipomvua mmoja alimkuta ana barafu tumboni. Alimtazama samaki yule kwa muda, akamshukuru msaidizi wake, akaenda kulala mchana. Watu wa karibu naye wanasema alianza kukaa dirishani na kutazama ziwa, na kwamba ukimuuliza jambo la dola anajibu kwa kuuliza kama leo kuna upepo.

Siku moja alikuja Nyarutanga kukagua gereza. Alikagua jiko, alikagua selo, na alipofika uwanjani akaona maji yanayochezacheza na mtumbwi wa manjano juu yake. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akaomba ndoano.

Walinzi wake wakataka kuingia naye, lakini mtumbwi ulikuwa mdogo, na ikadhihirika kwamba hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Akaingia na Mafuru peke yake. Daktari Kagoro alibaki ukingoni akiwaelekeza samaki kwa mkono.

Wakiwa katikati ya bwawa, Mtukufu akamwinamia Mafuru ili wa ukingoni wasisikie, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ugonjwa wake, kama kweli ni rangi. Mafuru alijibu kama alivyojibu mahakamani. Akaongeza kuwa hata yeye kuna siku anarudi mikono mitupu na mtumbwi huohuo.

"Na ukirudi mikono mitupu," Mtukufu aliuliza, "wanakwambiaje?"

"Mke wangu hunipa ugali na mboga za majani, Mtukufu. Kesho yake narudi tena."

Mtukufu alilifikiria jambo hilo. Alikuwa bado analifikiria ndoano ilipovutwa. Akavuta, na juu ya maji akatokea sato mdogo, mzima, mwenye hasira, akimrushia maji usoni. Mtukufu alimshika yule samaki kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, na machozi yakamtoka, na Mafuru akageuza uso upande mwingine kwa adabu.

Ukingoni makofi yalilipuka. Jioni redio ilitangaza kwamba utafiti wa muda mrefu umethibitisha kuwa rangi inayofaa kwa samaki ni manjano. Daktari Kagoro alisema huo ndio uliokuwa msimamo wake tangu mwanzo, na akawataka wote waliopaka mitumbwi yao zambarau wajieleze. Wavuvi wakajieleza, wakapaka upya.

*

Kesho yake Mtukufu alirudi Nyarutanga, na kesho kutwa pia. Hapo wakuu wa usalama wakaona hatari: Mlezi wa nchi anakaa karibu na wahalifu. Kumkataza Mtukufu hakungewezekana. Ikaamuliwa kwamba wakati wote anapovua, wafungwa wasiwepo. Wakapelekwa majumbani kwao kusubiri, na kwa kuwa Mtukufu alivua kila siku, wakasubiri kila siku. Vyakula vya Mtukufu vikahamia gerezani. Kisha kitanda chake. Kiambatanisho naye hakuhitajika tena, kwa sababu Mtukufu alipenda kuteka maji yaliyoingia mtumbwini kwa mkono wake mwenyewe.

Mafuru alifika Rubanzi mchana, kwa miguu. Nyanjura alikuwa nyuma ya nyumba akipeta mtama, hakumwona mpaka alipokuwa karibu kabisa. Aliweka ungo chini.

"Umekuja na nini?" alimuuliza, kwa kuwa hakupata neno lingine.

"Sikuja na kitu, Mama Bwire."

"Kaa basi," alisema. "Zipo mboga."

Mambo yangekwenda hivyo pasipo matata, ila mjini kulikuwa na daraja jipya lililosubiri kufunguliwa. Asubuhi ya sherehe Mtukufu alivaa nishani zake akatoka mpaka langoni. Afande Chirangi akampigia saluti nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, kisha akamwomba hati ya kuachiliwa. Alieleza, akitetemeka, kwamba mtu yeyote anayelala gerezani huhesabiwa asubuhi, na aliyehesabiwa hatoki bila hati. Kanuni hiyo Mtukufu mwenyewe ndiye aliyeitia sahihi.

Waliitwa wanasheria. Jaji akasema yuko tayari kumwachilia, lakini huachiliwa mtu aliyeshtakiwa, na hakupatikana mwandishi wa kuandika mashtaka. Wengine wakapendekeza msamaha. Msamaha hutolewa na Mtukufu peke yake, lakini aliyehesabiwa gerezani haruhusiwi kutia sahihi nyaraka za dola. Walijadiliana mpaka jua likawa kali, na daraja likafunguliwa na watu waliokuwa na haraka ya kuvuka. Mwishowe Daktari Kagoro akapata ufumbuzi. Alishauri gereza lenyewe litangazwe kuwa Ikulu. Likatangazwa. Ukuta ukabaki, walinzi wakabaki, na lango likaendelea kufungwa kwa kufuli ileile, safari hii kwa heshima. Nyaraka za serikali huingizwa kupitia dirisha dogo la wageni, pamoja na chakula. Nchi inaendelea vizuri kama zamani, na wananchi wanapoulizwa husema vizuri zaidi. Nimeona pia kwamba siku hizi hawaulizwi sana.

Siku moja Afande Chirangi alituma ujumbe Rubanzi kwamba Mtukufu angefurahi kumwona Mafuru siku ya wageni. Mafuru na Nyanjura wakavaa vizuri wakaenda. Walimkuta dirishani, bila kofia, mikono yake ikinuka samaki, mashavu yamemjaa. Aliwauliza habari za nyumbani. Akawaambia jana alikaa tangu asubuhi hakupata hata mmoja.

Nyanjura, ambaye hakujua kuzungusha maneno hata mbele ya dola, akamuuliza anatoka lini.

Mtukufu alitazama nyuma, kama anayehakikisha kuwa hakuna waziri karibu.

"Hapa nikikosa, mama," alisema, "hakuna anayepiga makofi."

Wakaagana. Njiani kurudi Nyanjura alikwenda kimya kwa mwendo mrefu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, mpaka Mafuru akamuuliza kama anaumwa. Nyanjura akasema haumwi. Alikuwa akifikiria ndoano ya Mtukufu, na kwamba humo ndani ya ukuta ardhi ni ngumu, nyungunyungu hawapatikani kwa urahisi.

"Siku nyingine tumpelekee chambo, Baba Bwire," alisema. "Kingi. Asije akaishiwa."

Wakampelekea. Majirani wa Rubanzi waliposikia sababu nao wakapeleka, na habari zikafika wilaya za mbali, na leo hii ukipita Nyarutanga siku ya wageni utakuta foleni imezunguka ukuta wote, wazee kwa akina mama, kila mtu na kopo lake la nyungunyungu, wamesimama kwa utulivu kabisa. Redio ya taifa husema hayo ni mapenzi ya wananchi kwa kiongozi wao, na mimi sioni sababu ya kubisha.